Kuimba kwa Sauti Iliyobaki

Kabla sijapasuliwa shingo, mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo kwenye kwaya yetu. Kuanzisha kuna ugumu wake. Unasimama mbele ya watu ambao baridi ya asubuhi bado imewakaa mabegani, umeme umekatika na kinanda hakilii, na wewe unatoa sauti peke yako ili wenzako wapate pa kushika. Yangu ilikuwa kubwa. Kijiji chetu kinatazamana na kwao kwa mama yangu, upande wa Ikuti, na katikati kuna bonde la migomba na chai. Jumapili jioni nikienda kumsalimia, mama alikuwa akiniambia wimbo tulioanza nao asubuhi, aliousikia ng'ambo ya bonde akiwa amekaa barazani kwake anamenya ndizi.

Sijisifu. Sauti mtu anazaliwa nayo, kama urefu. Niliitumia kuitia kuku, kugombeza watoto, kumsimamisha bodaboda aliyekwisha kunipita, na kuimba.

Tezi la shingo huku milimani si jambo geni. Bibi yangu alikuwa nalo mpaka akazikwa nalo. Langu nililiacha kwa sababu halikuuma, na kitambaa kililifunika vizuri. Lilipoanza kunibana pumzi nikilala chali, mume wangu akasema twende Mbeya. Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alichukua karatasi akachora shingo, akachora tezi, kisha akachora nyuzi mbili nyembamba zinazopita nyuma yake.

"Hii ndiyo mishipa ya fahamu inayoendesha sauti," alisema. "Tezi lako limeilalia. Nitakuwa mwangalifu, lakini siwezi kukuahidi kwamba sauti itabaki kama ilivyo. Unafanya kazi gani?"

"Nafunga chai kiwandani."

"Basi kazi utaendelea nayo."

Sikumwambia habari za kwaya. Aliuliza kazi, na kwaya sikuihesabu kuwa kazi.

Nilipozinduka niliomba maji, na muuguzi aliyekuwa mita moja kutoka kitandani akaendelea kukunja shuka. Nikaomba tena. Nilisikia pumzi ikitoka, nikasikia ulimi ukigonga meno, lakini katikati hapakuwa na kitu. Daktari alikuja akaniangalia kooni, akasema upande mmoja umelala na huenda utaamka. Uliamka kidogo. Baada ya miezi nilipata sauti nyembamba yenye hewa nyingi, inayosikika kama mtu anayeongea huku anapuliza chai. Hapo ikakoma. Ndiyo niliyo nayo mpaka leo.

Maisha yalibadilika kwa mambo madogo. Ndugu zangu wa Dar nikiwapigia walisema mtandao mbovu, nipande kilimani. Nikipanda kilimani wakasema bado. Mmoja aliniuliza kwa nini nanong'ona, niko kanisani? Kiwandani mashine zinanguruma tangu kunakucha, kwa hiyo nikimtaka mwenzangu nilikuwa nagonga meza kwa kijiko, na yeye anageuka. Kuku walikuwa wagumu zaidi. Niliwazoesha kuja kwa mlio wa sufuria. Watoto walijifunza kunitazama usoni kabla ya kuuliza swali, jambo ambalo hawakulifanya zamani.

Kwenye kwaya walinitendea vema, na nataka hilo lieleweke. Kiongozi wetu aliniwekea maikrofoni yangu mwenyewe. Nilipoimba ilibidi wapandishe sauti ya spika, spika zikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Nikahamia mstari wa nyuma. Nikahamia sauti ya pili. Baada ya muda nikajikuta naimba kwa midomo tu, na hakuna aliyeona tofauti, hata mimi mwenyewe sikusikia tofauti, kwa sababu kwaya yetu ni kubwa, ina kinanda na gitaa la besi, na vijana wanapenda kupandisha. Jumapili moja nilifua sare, nikaipiga pasi, nikampelekea kiongozi nyumbani kwake.

"Unatuacha?" aliuliza.

"Nakaa na waumini wengine. Siondoki kanisani."

Aliipokea kwa mikono miwili. Hakunibembeleza, na nilimshukuru kwa hilo.

Sasa niseme kuhusu dari, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana nalo. Huku kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na nyumba ni za bati. Mvua ikishuka, watu wote ndani ya nyumba wanapaza sauti, hilo ni jambo la kawaida. Mimi sikuweza tena kupaza. Mvua ikianza nilikuwa bubu mpaka iishe, na kuna siku haiishi. Jioni moja nilikuwa namweleza mume wangu kuhusu ndama aliyekuwa anaharisha. Akasema, "Eh?" Nikarudia. Akasema tena, "Eh?" Nikarudia mara nyingine, kisha nikaacha, nikaendelea kupika. Yeye akabaki ameangalia juu kwenye bati kwa muda mrefu.

Mume wangu anafuga ng'ombe wa maziwa na si mtu wa maneno. Wiki iliyofuata alikuja na mbao kwenye guta.

"Hizi za nini?" nikamuuliza.

"Nataka tuweke dari."

"Tumeishi humu miaka yote bila dari."

"Nataka nisikie unachosema," akasema, akaenda kuwapa ng'ombe majani.

Fundi seremala alitoka Tukuyu mjini. Ana karakana yake karibu na soko, na mume wangu alimfahamu kwa sababu alikuwa anamuuzia maziwa. Ni Mwislamu. Babu yake alitoka pwani akiwa mfanyabiashara wa vitambaa, akaipenda baridi ya huku, akabaki. Fundi mwenyewe anaongea Kinyakyusa kama sisi, ila wakati wa sala unapofika anaomba maji na mahali pasafi. Alifanya kazi kwetu kwa siku kadhaa. Mimi nilikuwa na zamu ya mchana kiwandani wiki ile, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nyumbani.

Tuna ng'ombe mmoja ambaye hakubali kukamuliwa kimya kimya. Zamani nilikuwa namwimbia, sauti yoyote tu. Baada ya upasuaji niliendelea, kwa sababu ng'ombe hajali sauti ni kubwa au ndogo, anataka ajue uko wapi. Asubuhi moja nilikuwa namkamua huku naimba, na fundi alikuwa upande wa pili wa ukuta anapiga randa. Randa ikanyamaza. Nilidhani amemaliza mbao. Nilipotoka na ndoo nikamkuta amesimama, randa mkononi.

"Shemeji, huo ni wimbo wa kanisani?"

"Wala si wimbo. Ni ng'ombe huyu na mambo yake."

"Una sauti ya udi."

Nilidhani anasema udi wa kufukiza, nikainusa kanga yangu. Alicheka mpaka akaiweka randa chini.

"Udi wa kupiga, shemeji. Ala ya muziki. Ninao karakanani, aliuacha babu. Kwenye kwaya yenu ungeupiga usingesikika hata kidogo. Na wewe mumeo ameniambia kwa nini tunaweka dari. Nadhani wewe na huo udi mngesikilizana."

Nilipomwambia mume wangu, alifikiri kidogo. "Nenda ukasikilize," akasema. "Ukirudi utanihadithia. Dari litakuwa limekwisha."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Tukuyu kununua sabuni na madaftari, nikapita karakanani. Ni chumba kirefu kilichojaa fremu za vitanda, milango isiyo na nyumba bado, na takataka za randa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mke wa fundi alikuwa amekaa mlangoni na cherehani yake, anashona vitambaa vya makochi. Alinikaribisha, akaniagizia chai, kisha akaendelea kushona. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba yeye ndiye hakimu wa mahali pale.

Alikuwepo pia mwalimu kijana, mpangaji wao, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi Nkunga na kurudi mjini kila jioni. Yeye alipiga gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme. Alikuwa na mikono myembamba na alipiga kwa ncha za vidole tu, polepole, kama anayehesabu mbegu. Fundi akashusha udi kutoka ukutani. Ni chombo chenye tumbo la mviringo na shingo iliyokunjwa nyuma, na kilipoguswa kilitoa mlio mfupi, wa chini, unaokufa haraka. Baada ya spika za kwaya, niliona ni kitu kidogo sana.

"Imba ule wa ng'ombe," fundi akasema.

Nikaimba. Ila mazoea ya kwaya yalinishika, nikajaribu kuifikisha sauti mwisho wa chumba, nikakohoa. Nikaanza tena, nikasukuma zaidi, nikakohoa zaidi. Mwalimu aliangalia chini. Mke wa fundi akasimamisha cherehani.

"Dada," akasema, "usitusukume. Tupo hapa hapa."

Nikaimba kama ninavyoongea na mtu aliyekaa nami benchi moja. Haikuwa kama kuimba nilikokujua. Hakukuwa na kitu cha kupanda wala cha kushinda. Lakini gitaa lilinipisha, udi ukaingia mahali ambapo pumzi yangu ilikatika, na nikamaliza wimbo bila kukohoa. Fundi wa kuchomelea vyuma jirani alikuwa ameanza kukata bomba, tukangoja amalize, tukaurudia.

Kuanzia hapo nilikwenda karibu kila Jumamosi. Tulitengeneza nyimbo zetu taratibu, kati ya wateja. Nilitunga wa ukungu unaokaa juu ya chai asubuhi, ambao unafanya umsikie mchumaji mwenzako bila kumwona. Nilitunga wa mtu anayeomba maji na hakuna anayegeuka. Fundi alitoa wimbo mmoja wa babu yake, haukuwa na maneno, nikautilia. Mke wa fundi alisikiliza zote akiwa anashona. Akiendelea kushona, wimbo ulikuwa mbaya. Akisimamisha cherehani, tulikuwa tumepata kitu.

Mwalimu alianza kuturekodi kwa simu yake, akawatumia rafiki zake, nao wakawatumia wengine. Majibu yaliyorudi yalifanana. Mbona mnahuzunisha hivyo? Nani amefariki? Wenzangu wa chumba cha kufungia chai waliusikiliza wimbo wa ukungu wakati wa chakula, simu imewekwa ndani ya bakuli tupu ili isikike. Mmoja akapangusa macho kwa aproni.

"Nani alikuumiza?" akaniuliza.

"Hakuna. Nilipasuliwa shingo, mnajua."

"Sisemi shingo."

Nililifikiria jambo hilo kwa muda. Mwanzoni niliona watu wamekosea. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na koo bovu. Hewa inavuja katikati ya maneno, na masikio ya watu yameizoea hewa ya namna hiyo kwa mtu aliyetoka kulia, basi wanaongeza wenyewe yaliyobaki. Bado naamini kwamba sehemu kubwa ni hiyo. Lakini pia ni kweli kwamba tangu nirudi kutoka Mbeya sikuwa nimelia hata siku moja. Nilirudi nikakuta mahindi yanataka kuvunwa, na baada ya mahindi kukawa na jambo lingine. Huenda nyimbo zilikuwa zinafanya kazi ambayo mimi sikuipa muda. Sijui. Nilimwambia yule mwenzangu kwamba nitamtumia wimbo mwingine, wenye furaha zaidi, na nilipomtumia akaniambia huo ndio umemliza kabisa.

Tukaalikwa harusini. Mwalimu mwenzake na kijana wetu wa gitaa alikuwa anaoa, ukumbi ulikuwa hapo hapo Tukuyu. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tutapata kitu cha tofauti. Tukakaa kwenye viti vyetu mbele ya maharusi, tukaanza. Watu walikuwa na njaa na wahudumu walikuwa wanapita na sahani. Nilimwona shangazi wa bwana harusi akimuuliza jirani yake kama tumeshaanza. Katikati ya ubeti wa pili, mshereheshaji alinijia akaniinamia sikioni.

"Mama, changamsha kidogo," alininong'oneza, na mnong'ono wake ulikuwa mkubwa kuliko wimbo wangu.

Kabla sijamjibu, muziki wa spika ukawashwa, bibi harusi akasimama kucheza, na ukumbi mzima ukafurahi. Sikuwalaumu. Hata mimi ningekuwa bibi harusi ningesimama. Tulikula, tukatoka. Njiani fundi alibeba udi wake kwapani mpaka tukafika karakanani.

"Pilau ilikuwa nzuri," akasema akiutundika ukutani, na mkewe akakubali.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye bado hakuwa amezisikia nyimbo hizi, naye ni mama. Miaka ile ile ambayo mimi nilipoteza sauti, yeye masikio yake yalikuwa yanaziba. Tulipishana. Nilikuwa namtembelea Ikuti kama kawaida, namletea sukari na chumvi, tunakaa barazani. Mimi naongea, yeye anaangalia migomba. Nikiondoka ananiaga vizuri. Nilidhani uzee unamfanya kuwa mkimya.

Siku moja mwalimu na fundi walinisindikiza huko, kwa sababu fundi alikuwa anakwenda kuangalia mti wa mbao kwa jirani. Mama aliwapokea, "Mugonile, karibuni," akawapa ndizi za kuchoma. Mwalimu alikuwa na hedifoni zake kubwa, zile zinazofunika sikio lote. Alikuwa ameona mama haitiki ninapoongea, akaniuliza kama tunaweza kujaribu. Tukamvalisha mama juu ya kilemba, mwalimu akapandisha sauti mpaka mwisho, hata sisi tuliokaa pembeni tukausikia wimbo wa ukungu.

Mama alishtuka, akashika hedifoni kwa mikono yote miwili. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Ledio gani hii?" akauliza kwa sauti kubwa, jinsi wanavyofanya watu wasiojisikia wenyewe. "Huyu mtu amechoka. Mwambieni apumzike."

Fundi akageuza uso. Mimi nikajigusa kifuani, nikamwonyesha: ni mimi.

"Wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanitazama, akanivuta, akanifungua kitambaa shingoni na kupitisha kidole kwenye kovu. Alikuwa analijua. Aliambiwa kwamba nimepasuliwa na nimepona, na kovu alikuwa ameliona. Hakuna aliyemwambia kuhusu sauti, kwa sababu sote tulidhani anaisikia.

"Mimi nilidhani hutaki kuongea na mimi," akasema. "Unakuja, unakaa, unachezesha midomo. Nikasema, labda amenichoka, anakuja kwa heshima tu."

Nikamshika mkono. Wageni wetu wakasema wanakwenda kuangalia ule mti. Tulikaa hivyo, mimi na mama, akarudia wimbo mara nyingi kwa kuninyooshea kidole nibonyeze simu. Alipochoka alizivua hedifoni, akanishukuru, "Ndaga, mwanangu," kisha akaniuliza kwa nini sijaimba cha kwetu. Akanifundisha wimbo wa kubembeleza mtoto ambao aliniimbia mimi na kaka zangu. Aliuimba kwa nguvu, nje kidogo ya tuni, jirani akachungulia. Nilikuwa nimeusahau wote isipokuwa kiitikio. Siku hiyo ndiyo nililia, kwenye bodaboda nikirudi, na dereva kwa adabu hakugeuka.

Wakati Kwaresima inaelekea mwisho, kiongozi wa kwaya alikuja nyumbani. Alikaa, akaliangalia dari, akalisifu. Alisema Ijumaa Kuu kanisani kwetu hawatumii vyombo vya umeme, na mwaka huu angependa kwaya ipumzike sehemu moja ya ibada, mimi niimbe na wenzangu.

"Mmoja wetu ni Mwislamu," nikamwambia.

"Najua. Nimeshawauliza wazee wa kanisa."

"Wamesemaje?"

"Mmoja ameuliza kama atavua kofia."

Nilimpelekea fundi habari hiyo. Alikuwa anapigilia misumari kwenye kitanda, hakusimama.

"Madirisha ya kanisa hilo niliyaweka mimi," akasema. "Nilikuwa na kofia hii hii. Waambie nakuja kama fundi, kushika udi. Kusali nitasali kwetu."

Nilipeleka jibu, wazee wakacheka, ikawa hivyo, kofia na yote.

Ijumaa Kuu kwetu huangukia kwenye mvua kubwa. Tulilijua hilo, na bado hakuna kati yetu aliyelifikiria. Kanisa lilijaa. Mama aliletwa na gari la jirani, akakaa na wanawake wazee upande wa kushoto. Masomo yalipokwisha tukaitwa, tukakaa kwenye viti vitatu mbele ya madhabahu. Mwalimu akapiga nyuzi za mwanzo, nikafungua mdomo, na mvua ikashuka juu ya bati kama lori la kokoto linalomwaga.

Sikujisikia. Sikusikia gitaa lililokuwa karibu na goti langu. Nilimwangalia fundi, naye aliendelea kupiga, nikafuata vidole vyake. Nilipoinua macho, niliona watu wote wamekaa wima, wananitazama midomo kwa adabu, na hakuna hata mmoja anayesikia chochote. Nikafikiri, hii ni harusi nyingine, ila bila pilau. Nikaamua kumaliza.

Ndipo mama akasimama. Yeye hakujua kwamba kuna mvua inayozidi mvua nyingine. Kwake kila kitu kiko hivyo kila siku, na akitaka kusikia anasogea. Alitoka kwenye benchi, akaja taratibu akishika migongo ya viti, akasimama mbele yetu karibu kabisa. Akaweka kiganja chake juu ya tumbo la udi. Fundi aliusogeza kidogo ili mkono upate nafasi, akaendelea kupiga.

Wanawake wazee wa benchi lile wakaona si vizuri kumwacha peke yake, wakaja nao. Kisha wengine. Kiongozi wa kwaya alisimama akawaashiria watu wa nyuma wasogee, na kanisa zima likaja mbele, wakasimama wametuzunguka, wengine wamekaa sakafuni karibu na miguu yetu, watoto wamebebwa. Makoti yao yalikuwa na unyevu na harufu ya moshi wa jikoni. Walipofika karibu kiasi hicho, nikaanza kujisikia. Niliimba wimbo wa mtu anayeomba maji, kisha ule wa mama wa kubembeleza mtoto, na kwenye kiitikio wale wazee wakaitikia, wote kwa sauti ya chini, kwa sababu mdomo wa kila mmoja ulikuwa karibu na sikio la mwenzake.

Baada ya ibada maoni yalikuwa mbalimbali. Mzee mmoja alisema utaratibu wa kanisa umevurugwa na kwamba Ijumaa Kuu si siku ya kusogeleana. Mwingine alimpa fundi mkono, akamuuliza kama anaweza kuja kutazama mlango wa nyuma unaokwama. Mshona nguo mmoja wa hapo kijijini aliniambia maneno hakuyapata yote, lakini aliniona ninavyopumua. Mama hakusema chochote kuhusu muziki. Alisema viti vya kanisa vimekuwa vigumu.

Hatukualikwa Pasaka, na sikutegemea. Pasaka ni ya kinanda na spika, na mimi mwenyewe nilikaa na waumini wengine nikapiga makofi. Tunaimba pale panapotufaa: kwenye sherehe ndogo ya kubariki nyumba, kwa mgonjwa anayetaka mtu akae naye, na zaidi ya yote karakanani. Mwalimu amehamishiwa wilaya nyingine tangu mwanzo wa mwaka. Anaturekodia gitaa lake na kututumia kwa simu, lakini simu haingoji mtu apumue, kwa hiyo mara nyingi tunaimba na udi peke yake.

Yule mwenzangu wa kiwandani aliyepangusa macho kwa aproni ameanza kuja Jumamosi. Yeye ana sauti kubwa na nzima, kama niliyokuwa nayo, na kazi yake ni kuishusha. Anasema ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia ya chai. Mara nyingine inamponyoka, fremu za vitanda zinavuma, mke wa fundi anatikisa kichwa, na sisi tunaanza upya. Jumamosi iliyopita alikuja na nusu ya wimbo wake mwenyewe, unaomhusu dada yake aliyeolewa Kyela. Nusu ya pili hajaipata. Tuliiimba hiyo nusu mpaka fundi akaihitaji meza yake tuliyoikalia.